Mkalimani wa Dirishani

Kaka yangu anaitwa Kapteni, na hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Jina alilipata utotoni, dirishani kwa jirani, tulipokuwa tunachungulia ile tamthilia ya merikebu ya anga. Televisheni ilikuwa moja mtaa mzima, na watu waliokuwa ndani yake waliongea lugha ya kigeni. Kaka alikuwa amenizidi madarasa machache, basi yeye ndiye akawa msomi wetu. Alitazama, akatutafsiria. Mimi nilikuwa mfupi na dirisha lilikuwa juu, kwa hiyo tamthilia nzima niliangalia ukuta. Lakini nilisikia yote kinywani mwake, na hadi leo naweza kukusimulia.

Siku hizi Kapteni anaishi sebuleni kwangu, katikati ya makochi ya watu yanayosubiri sponji mpya. Mimi ni fundi makochi. Yeye alikuwa dereva wa lori mpaka goti likagoma. Lori likauzwa, mkewe akatangulia mbele ya haki, akabaki na hadithi. Kila Jumapili mchana wajukuu zake wanakuja, wanajipanga na viatu vyao juu ya makochi ya wateja wangu, naye anawasimulia merikebu ya anga. Siku wakiacha kuja kumsikiliza, mzee yule hana kingine cha kumtoa kitandani. Namjua.

Ndipo binti yake, kwa ule wema unaoua watu, akaleta flashi Jumapili moja, wajukuu wakiwa wameshajipanga.

"Baba mdogo, chomeka hii. Ni ile tamthilia ya Baba, sehemu zote! Na wametia sauti za Kiswahili."

Nilimtazama Kapteni. Upara ulikuwa umelowa kama wa dereva aliyesimamishwa barabarani bila leseni.

"Macho yananiuma," alisema.

"Si utasikiliza?" nikamwambia. "Mimi nilisikiliza utoto wangu wote."

Nikachomeka kwenye televisheni yangu. Sitaficha, nilikuwa na raha. Mtu akujulie kila kitu tangu unanyonya, halafu siku moja rimoti iwe mkononi mwako.

Merikebu niliyoiwazia kubwa kama uwanja wa mpira ilikuwa boksi lililopakwa rangi ya fedha, na uzi ulioining'iniza ulionekana. Adui mkuu, mla sayari, alikuwa amevaa sufuria. Kiti cha kapteni kilipigwa pini ovyo ovyo. Mimi kazi kama ile ningerudishiwa mlangoni. Lakini hayo si kitu. Balaa lilikuwa kwenye maneno. Kwa tafsiri ya Kaka, kapteni alimkazia macho adui akamwambia, "Huvunji nyumba ya jirani ili wewe upate kuni." Tulikuwa tunapiga makofi hapo. Kumbe kapteni alisema, "Funga mlango, baridi inaingia."

Mjukuu mkubwa, msichana tunayemwita Wakili kwa sababu hata ukimpa pipi anauliza kwa nini, aligeuka. "Babu, na kuni?"

"Zinakuja mbele."

Hazikuja. Sehemu ya pili, arusi ya malkia wa sayari ya vumbi, iligeuka kuwa mkutano kuhusu mabomba ya maji.

"Babu, arusi iko wapi?"

"Hao waliotia Kiswahili wamekosea."

"Na nguo nazo wamekosea? Hakuna hata bibi arusi!"

Mdogo wake aliteremka kochini akaenda kucheza nje. Mwingine akamfuata. Kapteni aliwasindikiza kwa macho hadi mlangoni. Wakili alibaki, lakini alibaki kama anayekusanya ushahidi.

Ningeweza kuzima. Sikuzima, kwa kuwa nilikuwa namsubiri fundi. Fundi wa merikebu ndiye alikuwa mtu wangu. Kila sehemu aliingia kwenye injini na spana yake, akaokoa wote, akatoka na utani. Kwa ajili yake niliacha shule nikakimbilia gereji. Injini zikanikataa, nikaangukia makochi.

Sehemu ya tatu akatokea! Mnene, ovaroli, spana. Nilishangilia kama mwehu. Akasema maneno mawili, bomba likapasuka, akafa. Wakamfunika shuka. Sehemu ya nne palikuwa na fundi mwingine, kijana wa nywele za kuchana, na marehemu hakuna hata aliyemtaja.

Nikasimamisha picha. "Kaka. Amekufa."

"Nimeona."

"Wewe ulimfikisha mpaka mwisho! Ulimwoza!"

"Ulitaka nifanyeje? Uliposikia tu mlio wa bomba, ulishaanza kubinua mdomo. Kilio chako kilikuwa king'ora, wewe. Na mwenye nyumba alishasema, mtoto akilia anafunga dirisha. Ungetukosesha sote."

"Na wenzetu? Waliona anakufa."

"Niliwaahidi vibao wakifungua mdomo."

"Na kuni je?"

"Lugha yenyewe nilijua salamu tu. Mlitaka niwaambie nini kila siku, habari za asubuhi?"

Wakili alikuwa anatugeuzia shingo huku na huku. "Kwa hiyo Babu ulitudanganya."

Kapteni alilipapasa goti lake kama limeanza kuuma upya. Hapo ningemmaliza kwa neno moja, na neno nilikuwa nalo.

"Aliyedanganywa ni mimi," nikamwambia Wakili. "Wewe kesi hii haikuhusu. Unamtaka fundi yupi, huyu aliyekufa kwa bomba au yule aliyeoa?"

Alifikiri kwa uzito wa hakimu. "Aliyeoa."

"Basi kawaite wenzako."

Nikaondoa sauti, nikaacha picha iendelee. Watoto wakarudi na matope, wakayapaka kwenye kitambaa cha mteja. Kapteni akakohoa. Akaanza kwa kubabaika, kisha sauti ikamkolea, na yule kijana wa nywele za kuchana akawa mpwa wa fundi, kaja kujifunza kazi.

"Na fundi mwenyewe?" niliuliza, maana imani ilikuwa imeniisha. "Mbona simwoni?"

"Yuko chini ya injini," Kaka alisema bila kugeuka. "Anafanya kazi. Wewe nyamaza."