Kiti cha Mzee Wembe

Kinyozi hakuwa na makuu. Alitaka kitu kimoja tu: baba yake akalie tena kiti chake cha kunyolea, anyolewe ndevu, basi. Mzee Wembe, kama mji mzima ulivyomwita, alikuwa amepigwa na kiharusi. Miguu haikuwa na kazi tena, na kila asubuhi mwanawe alipomnyoa pale kitandani alilalamika kwamba shingo inaning'inia kama ya kuku aliyechinjwa.

"Nipeleke kwenye kiti changu kabla sijafa," alisema. "Mara moja tu, mwanangu."

Kiti chenyewe kilikuwa kwenye makumbusho ya jiji. Jiji lilipovunja maduka ya zamani, duka la mzee la kunyolea likiwemo, ili kupanua barabara, maofisa walikichukua kwa maneno matamu: kitatunzwa, na mzee atakikalia siku yoyote atakayo. Baadaye jiji likawapa watu wa shirika moja kuendesha makumbusho. Ubia, wanauita. Ubia gani huo! Kinyozi akienda ofisi za jiji anaambiwa, "Hayo yako kwa shirika siku hizi, ndugu." Akienda kwenye shirika, mkurugenzi, mama mwenye sauti ya upole, anamwambia, "Sisi ni waendeshaji tu, kaka yangu. Vitu vyote ni mali ya jiji." Wakamzungusha mpaka soli ya kiatu ikaachia, na kila mmoja akimpa pole. Pole zao zingekuwa viti, mzee angekaa mpaka achoke.

Mara mkurugenzi akapiga simu mwenyewe.

"Kaka yangu, Jumamosi tunazindua ubia wetu na jiji. Njoo na wembe na povu, tutakitumia kile kiti. Na mzee umlete."

Kinyozi nusura aruke mpaka darini. Hakuuliza swali hata moja, na hapo ndipo alipokosea. Mkewe alimwambia, "Uliza vizuri, baba watoto. Hao watu nawajua."

"Na wewe nawe! Kwako hakuna jema."

Mzee Wembe alikataa kunyolewa wiki nzima. Alisema anaziweka ndevu kwa ajili ya kiti. Jumamosi akavalishwa shati jeupe, akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, na alipokiona kile chake, kimeng'arishwa kikang'aa, machozi yalimtoka waziwazi. Akaanza kujifungua kifungo cha shingoni.

Lazima ujue sheria ya duka lake. Ilikuwa moja: aliyetangulia ndiye anayekaa. Kuna siku mkuu wa polisi aliingia na haraka zake, akaambiwa asubiri mchukuzi wa magunia amalizwe. Alinuna, lakini alisubiri. Kinyozi alijifunza kazi humo humo, na kila asubuhi baba yake alianza kwa kuuliza, "Nani ametangulia?"

Basi meya akaingia, bonge la mtu, na wapiga picha nyuma yake. Mkurugenzi akaifungua kamba iliyokizunguka kiti, akamkaribisha, na meya akajitupa kitini mpaka chuma kikalia.

"Mpake povu kidogo, kaka, kwa ajili ya picha," mkurugenzi akanong'ona.

"Na baba yangu?"

"Mzee ni mgeni wetu wa heshima. Tumemwekea mahali pazuri pa kuonea. Kukikalia, hapana. Ngozi ya kiti imechakaa, itachanika."

Angeweza kukataa. Angeweza kuufunga wembe na kumsukuma baba yake wakarudi nyumbani, na nani angemfanya nini? Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, naye akaona aibu, akakoroga povu.

"Usinikate, fundi, nina uchaguzi mbele yangu!" alisema meya, na watu wakaangua kicheko.

Kinyozi naye akacheka. Mpaka leo ukimkumbusha kicheko hicho anaondoka bila kuaga.

Picha zilipokwisha, meya alijifuta uso, akapeana mikono na watu wa shirika, akaenda zake. Kamba ikarudishwa. Mzee Wembe alikuwa ameshakifunga kifungo chake.

Nyumbani, kinyozi alileta maji ya moto, akamwekea mito mitatu ili shingo itulie.

"Baba, acha nikunyoe. Zimekuwa nyingi."

Mzee aligeukia ukutani.

"Nani alitangulia?"

Kinyozi akaendelea kukoroga povu.

"Nakuuliza, nani alitangulia?"

"Wewe, baba."

"Haya. Mteja wako wa leo umeshamnyoa. Funga duka."

Wembe haukumgusa tena. Alizikwa na ndevu zake.