Mchanga kwenye Santuri

Baba mkwe wangu si mtu wa maneno. Nilipokwenda kuposa aliniuliza swali moja tu, kazi yangu ni nini. Nikamjibu natengeneza makochi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichotaka kununua. Baada ya hapo tuliishi miaka kwa "shikamoo" na "marahaba". Mama mkwe ndiye aliyekuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Alipofariki, nyumba ile ikabaki na mzee, redio mbovu, na mimi ninayekuja kila Jumapili kwa sababu mke wangu kaniambia niende.

Kilichotuokoa ni gitaa la chuma.

Kwa asiyelijua, gitaa hili halikumbatiwi. Linalazwa mapajani kama mtoto anayebadilishwa nepi, na mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Sauti inavutika, inapanda na kushuka bila kukatika. Mara ya kwanza nililisikia kwenye simu ya mteja aliyekuja kuangalia kochi lake. Nilikuwa nimebana misumari midogo kwenye midomo, nikamwuliza "Nini hicho?" na misumari yote ikamwagika kwenye sponji. Tulitafuta misumari nusu saa, na tulipomaliza alikuwa ameshaniingiza kwenye kundi lao la simu.

Kundi lina watu wa kila aina: walimu, madereva, mng'oa meno mmoja. Mwenye santuri ya zamani anaipiga, anairekodi, anaituma, sisi wengine tunasikiliza. Sheria ni moja. Hakuna kuandika kitu mpaka wimbo uishe. Ukituma "safi sana" wakati wimbo haujafika hata katikati, utasemwa mpaka ujute, maana unasifia usichokisikia.

Sasa, Jumapili moja nimekaa na mzee, tumemaliza habari za mvua, sina la kusema. Nikatoa kispika changu kidogo nikampigia wimbo mmoja. Ilikuwa rekodi chafu kweli. Mwanzoni kuna mkwaruzo wa sindano kama mtu anakaanga kitu, halafu kwa mbali mwanamke anafoka, "Mlango huo, jamani!" Ndipo gitaa linaingia.

Mzee aliweka kikombe chini. Wimbo ulipoisha akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Tena."

Siku hiyo ndiyo aliyonieleza kwamba ujanani aliendesha gari la studio iliyorekodi santuri zile. Nikasema moyoni, kumbe huyu ni mwenzangu! Kuanzia hapo kila Jumapili tulianza na wimbo ule, kisha nampigia mingine, yeye amekaa wima kwenye kochi nililomshonea mwenyewe, anasikiliza mpaka wa mwisho. Katikati nikawa namsimulia ubishi wa kundi. Yeye akawa ananiuliza habari za karakana, nani kaleta kochi gani, nani hajalichukua. Mke wangu nilipomwambia baba yake kaniuliza bei ya sponji, alidhani natania.

Nikataka kumfurahisha zaidi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye kundi tuna fundi wa simu tunayemwita Daktari. Kazi yake ni kuzisafisha rekodi kwenye kompyuta. Nikamwomba ausafishe ule wimbo wa mzee. Jamaa aliutoa mkwaruzo wote, akaukata mwanzo, gitaa likatoka linang'aa kama limepigwa jana. Kundi zima lilishangilia. Ile rekodi chafu tukaifuta, kila mtu kwenye simu yake, nafasi zenyewe za kugombania. Na mimi nikaifuta.

Jumapili nikaenda kifua mbele.

Mzee alisogea mbele ya kochi kama kawaida yake, kichwa kakiinamisha upande. Gitaa likaingia moja kwa moja. Akanitazama.

"Mwanzo uko wapi?"

"Huo ndio mwanzo, Baba. Umesafishwa. Sikia unavyoteleza."

Hakusikia chochote. Aliinuka, akachukua ufagio, akatoka kwenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nikamfuata, akasema amechoka. Wiki iliyofuata alimpigia simu binti yake: huyo fundi mumeo asije.

"Umemfanya nini baba yangu?" mke wangu akaniuliza.

"Nimemsafishia wimbo."

"Mtu hanuniwi kwa wimbo."

"Basi kamwulize mwenyewe."

Akaenda. Aliporudi alinikuta karakana nimepiga magoti, navuta mikanda ya chini ya kochi. Akasimama pale katikati ya mabaki ya sponji, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Baba anasema umemtoa mama."

"Nimemtoa mama gani?"

"Mama yangu! Yule anayefoka mlango. Alikuwa mpokea wageni pale studio, walisahau kwamba mashine imeshawashwa, sauti yake ikaingia. Ndiko walikojuana."

Nyundo ilinitoka mkononi. Mama mkwe mimi nilimkuta na sauti nzito ya mtu mzima. Yule wa kwenye santuri alikuwa msichana, tena yuko mbali, nyuma ya mkwaruzo. Na kusema kweli sikuwahi kumsikiliza. Nilikuwa namsubiri amalize ili gitaa lianze.

"Unakumbuka mama alivyokuwa ukimwelekezea simu?" mke wangu akasema. "Anafunika uso, ananyamaza. Hatuna sauti yake popote. Baba alikuwa na hiyo tu, kila Jumapili."

"Sasa si angesema?"

"Baba? Aseme?"

Niliuliza kundi zima: nani anayo ile chafu? Hakuna. Daktari alitafuta kwenye kompyuta yake siku nzima, akaniambia naye hutupa takataka akishamaliza kusafisha. Alibaki mtu mmoja, na huyo ndiye niliyekuwa sitaki kumpigia.

Yule aliyeituma rekodi ile mwanzoni ni mama mmoja mpishi wa shule, yuko nchi nyingine. Tulimbandika jina la Mama Mchanga kwa sababu rekodi zake zote zilisikika kama zimefukuliwa ufukweni, na alikuwa mkali ukitaja kuzisafisha. Siku moja nilimwandikia mbele ya watu: "Mama, nunua sindano mpya, au sisi tununue masikio mapya." Watu wakacheka mno. Yeye akajitoa.

Nikapiga. Nyuma yake kulikuwa na kelele za masufuria.

"Shikamoo, mama. Ni fundi wa makochi, wa kundi la gitaa."

"Aa. Yule wa masikio mapya."

"Ndiye mimi. Nina shida."

"Wewe? Na mimi? Ngoja nikae." Nikasikia kiti kinaburutwa. "Sema."

Nikamweleza yote, sikubakisha. Akamwambia mtu apunguze moto.

"Mnajua kwa nini nilikuwa nawakatalia?" akasema. "Watu wale walikuwa ndani ya chumba. Kuna mtu anakohoa, kuna anayevuta kiti. Nyinyi mnakifuta chumba, mnabaki na kidude kinalia peke yake."

"Kweli, mama."

"Usiniambie kweli, mama. Kaseme kulekule ulikonichekea. Na useme kwa mdomo, nisione maandishi."

"Leo hii."

"Sasa hivi. Nina maharage jikoni."

Nikasimama mbele ya wenzangu wa karakana, wamezima cherehani ili wafaidi, nikatuma sauti yangu kwenye kundi. Nikasema Mama Mchanga alikuwa sahihi, mimi nilikuwa mpumbavu, na kila aliyecheka siku ile achukue fungu lake la upumbavu maana siwezi kuubeba wote. Daktari alijibu wa kwanza: "Nipe langu kubwa." Mama akarudishwa kundini. Hakusalimia mtu. Alituma wimbo ule tu, na mchanga wake wote.

Hakuna aliyeandika. Wimbo ukaisha, bado hakuna aliyeandika. Nadhani watu walikuwa wanaurudisha mwanzo kama nilivyofanya mimi. Hatimaye yule mng'oa meno akaandika: "Jamani, si mfunge huo mlango?" Kundi likalipuka.

Jumapili nikaenda bila kuitwa. Mzee alinifungulia, hakusema karibu, lakini hakusimama njiani. Nikaweka kispika mezani.

Mkwaruzo. Kisha yeye, binti wa watu, anafoka.

Mzee alitoa kicheko cha puani. "Alikuwa ananifokea mimi."

"Wewe, Baba?"

"Mimi nilikuwa naingiza spika. Mikono yote miwili imejaa. Ningefunga mlango na nini, na meno?" Akajifuta jicho kwa kidole gumba. Gitaa lilikuwa limeshaingia. "Zima hilo."

"Ndiyo kwanza linaanza, Baba."

"Najua. Zima."

Nikazima. Akaegemea kochi, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Mkwe wangu, mimi hilo gitaa silipendi."

"Hulipendi?"

"Sijawahi kulipenda. Nimebebeshwa vyombo vyao mpaka mgongo ukaharibika, na kutwa linalia kama paka aliyefungiwa stoo."

"Sasa Baba, mbona siku zote ulikuwa unakaa mpaka wimbo wa mwisho?"

"Kwa sababu nyimbo zikiisha unabeba kispika chako unakwenda."

Nilikiingiza kispika kwenye mfuko, mfuko nikausukuma chini ya meza, nikavua viatu. Mzee akamimina chai, akataka kujua huyo mama mpishi kanisema vipi, neno kwa neno. Nikamweleza. Akasema mama mkwe angenisema vibaya zaidi, na akanionyesha angesemaje. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea hivyo, mikono inapaa, sauti anazibadilisha.

Jioni simu yangu ikaita. Mke wangu, ana wasiwasi: mbona sijarudi, kuna nini huko? Mzee akaichukua simu mkononi mwangu.

"Tunaongea," akamwambia, akakata.