Gitaa la Gathogo na Kijiti cha Ufagio

"Nani ametia kijiti hapa?"

Kabura aliinama kando ya jukwaa la sherehe ya kanisa, akakichomoa kwenye soketi: kijiti cha ufagio, kimesukumwa kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili ikubali kuingia. Akaing'oa na plagi yenyewe. Spika zikakohoa, zikanyamaza.

"Mami!" Watiri, bintiye, alikuwa ameshavaa gitaa begani. "Haki unanifanyia nini?"

"Usiguse maiki."

"Watu wananiangalia."

"Wacha waangalie."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha uwanja mzima pale Kiganjo, na Watiri alikuwa amevua viatu kwa sababu ya matope. Hayo ndiyo Kabura aliyaona kwanza alipofika na mtungi wa maziwa ya chai ya wageni: nyayo za mtoto wake juu ya mbao zilizoloa, na lile gitaa likiwa limetiwa stima kwa mara ya kwanza tangu babake afe.

Ni gitaa la zamani, la umeme, ubao mmoja mzima usio na tundu, zito kama mtoto aliyelala. Mzungu mmoja wa ranchi alimwachia Hersi, muuza mifugo wa Nanyuki, wakabadilishana kwa kondoo. Gathogo, mumewe Kabura, akalipata kwa Hersi kwa kutoa mtamba wake wa pekee. Mtamba! Watu walimcheka hadi Karatina. "Umeuza maziwa ukanunua kelele," walimwambia. Lakini alipolipiga kwenye harusi, hao hao ndio waliotimua vumbi kwa kucheza. Rangi yake ya samli ilichubuka pale mkono wake ulipozoea kulala, ukabaki ubao mtupu, laini kama mpini wa jembe.

Kisha jioni moja huko Kagio, Gathogo alisogeza midomo kwenye maiki, vidole vikiwa kwenye nyuzi, na wimbo hakuumaliza.

Ikasemwa gitaa lina laana. Wazee walilipaka mafuta, wakalikemea, wakataka lichomwe. Kabura aliitikia amina kama wengine. Ila alipoenda Kagio kuchukua vitu vya marehemu, aliikuta plagi bado ukutani, na kijiti juu yake. Gitaa liliombewa, kijiti hakikuombewa na mtu. Na nyumba gani huku haina hicho kijiti? Tunachajia simu, tunapigia pasi, tunaona tumeshinda werevu. Kumbe ule mguu wa tatu tunaoukata ndio hushusha ardhini stima iliyopotea njia. Ukikosekana, stima humtafuta mtu.

"Mama Watiri," aliita Gatimu, mzee wa kanisa aliyeshika ratiba, "mgeni wa heshima ameshapita Chaka. Rudisha hiyo waya."

"Sirudishi, mzee."

"Ama ni ile pepo ya gitaa imekurudia?"

"Pepo haina plagi."

Kina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. Gatimu hakucheka. Kabura aliketi juu ya amplifaya kama anavyoketi kwenye kigoda cha kukamulia, plagi ameifunga kwenye pindo la leso.

Ben, fundi wa spika, alichuchumaa mbele yake. "Mathe, hii kitu nimefanya hivi miaka mingi. Nikiweka mguu wa tatu inanguruma."

"Wacha ingurume. Hata ng'ombe hunguruma na tunamkamua. Uko na tasta ya kupima stima?"

"Niko nayo."

"Basi washa, uiweke kwenye nyuzi. Mtoto atoke kwanza."

Watiri alililaza gitaa kwenye kiti, machozi yakimlengalenga. "Unaniaibisha, Mami."

"Aibu naiweza," alisema Kabura. "Jeneza lingine ndilo siwezi."

Kabura akainuka, akamfungulia plagi; Ben akaichomeka na kijiti chake, akawasha, akagusisha ncha ya tasta kwenye uzi mmoja. Kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka chekundu, mchana kweupe. Akaifuta tasta kwa shati, akajaribu tena. Kikawaka.

"Ngai, Mungu wetu," alisema mmoja wa wale wamenya viazi.

Gatimu akalainika sauti. "Sasa si aimbe tu bila gitaa? Mungu anasikia."

"Ataimba nalo. Babake alilitolea mtamba. Ben, tengeneza. Mgeni apewe chai."

Ben aliifungua amplifaya. Ndani, waya mmoja ulikuwa umechubuka, ukilalia bati. Akaubadilisha, akafunga plagi ya miguu mitatu, kisha akagongelea chuma kirefu ardhini na kukiunganisha, jasho likimtoka. Mgeni wa heshima alifika, akanywa chai, akaongezwa. Hatimaye Ben aliweka tasta kwenye nyuzi, akaiweka kwenye maiki. Kitaa kikabaki giza tupu.

"Iko sawa, Mathe. Sasa Watiri apande."

"Bado."

Kila alfajiri, kabla maziwa hayajaingia kwenye mtungi, Kabura hukamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi na kuyakagua mwenyewe, asije mtoto wa mtu akanywa ugonjwa. Na sasa vilevile, alivua viatu. Akapanda jukwaani, akalinyanyua gitaa ambalo hajawahi kulivaa maishani, ukanda ukamkata bega. Watiri alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha kifuani.

Kabura aliweka kiganja juu ya nyuzi zote sita. Zilikuwa baridi. Akafumba macho, akasogeza uso mpaka chuma cha maiki kikagusa midomo yake.

Uwanja mzima ukasikia pumzi yake ikiingia na kutoka, kubwa kuliko yeye, ikivuka mahema, ikielekea mashambani.