Kronografu ya Sikio la Kushoto

Mimi saa sichagui kwa macho. Macho hudanganywa na kioo kilichosuguliwa na mkanda mpya. Nyumbani nina saa sita za kutia ufunguo, zimelala kwenye kisanduku cha nyuzi na sindano nilichompokonya mama watoto miaka kumi iliyopita, na hajanisamehe. Kila moja niliisikiliza kwanza, nikaitazama baadaye. Gereji wananiita Sikio. Gari likiletwa lina lalamiko, nafungua boneti, nafumba macho, nainamisha kichwa kwa upande wa kushoto, kisha nasema ugonjwa wake. Sijawahi kukosea. Tuseme nilikuwa sijawahi.

Jumamosi hiyo tulikwenda kwa fundi saa kuchagua kronografu yangu ya kwanza. Hii ni saa ya mkono yenye vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu wa sekunde unaondoka. Ukikibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha ulikotoka. Nimeitamani tangu nikiwa na nywele. Ilinipasa niwe na furaha ya bwana harusi, lakini viganja vilikuwa vinanitoka jasho kwa sababu ya basi dogo la shule.

Basi lenyewe ni la shule anakofundisha mama watoto. Alhamisi dereva aliniletea, akasema kuna kitu kinagonga kwa mbali kwenye injini, hasa akipanda mlima. Niliinamisha kichwa. Sikusikia kitu. Nikamwambia, "Injini nzima hii, anayezeeka ni wewe." Tukacheka, akaondoka. Tangu hapo kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumatatu alfajiri basi lile lingebeba watoto ishirini na wawili kwenda ziara, barabara ya milima mitupu. Na mimi kwa miezi mitatu nilikuwa naongeza sauti ya redio na kumwambia mama watoto kwamba spika imechoka.

Duka la fundi saa ni refu na jembamba kama soksi. Alikuwa ametandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta na kuweka saa mbili. Kioo chake cha jicho alikuwa amekipandisha kwenye paji la uso.

"Karibu, Sikio. Karibu, shemeji. Umekuja kumlinda asibebe zote?"

"Nimekuja kutazama tu," mama watoto akasema, akaweka mkoba wake chini. Mwanamke huyu husahihisha madaftari mia mbili kwa wiki. Akikwambia anatazama tu, ujue anasahihisha.

Saa ya kwanza ilikuwa na uso mweupe na viduara viwili vidogo. Ya pili ilikuwa nyeusi, pana, yenye kujidai.

"Zote nimezitia ufunguo asubuhi hii," fundi akasema. "Sikiliza mwenyewe. Mimi nanyamaza."

Nilichukua ile nyeupe nikaiweka kwenye sikio la kushoto. Kimya. Nikabana pumzi, nikaibandika zaidi mpaka sikio likauma. Kimya vilevile.

"Fundi, hii imesimama."

"Imesimama?" Alinigeuzia uso wa saa. Ndani ya kiduara kimoja, mshale mdogo ulikuwa unatembea zake, hauna habari na mtu.

"Nilikuwa nakupima tu," nikasema.

Fundi akacheka. Mama watoto hakucheka. Nikajikaza kisabuni na kuichukua ile nyeusi. Naisikia! Hafifu, lakini naisikia, ka-ka-ka-ka. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga, maana kumbe sikio langu lilikuwa zima, na basi lilikuwa zima, na watoto wa watu wangekwenda na kurudi.

"Nachukua hii," nikasema.

Fundi saa alinitazama kama mtu aliyetoa mkono wa salamu ukaachwa hewani.

"Bonyeza kwanza, Sikio."

Huo ndio utaratibu wa duka lake. Hakuna anayeondoka na kronografu kabla hajaibonyeza na kusikiliza, kwa sababu ule mshale mrefu ni mzigo, na saa dhaifu ikibebeshwa mzigo hulegea. Mwenyewe huwa anasema alijifunza hilo kwangu, nilipomweleza kwamba injini husema kweli mlimani.

Nikabonyeza. Mshale uliondoka, ukafika kwenye ishirini, ukasitasita, na saa yote ikasimama.

"Hiyo nimeiweka kwa kulinganisha tu," fundi akasema, na upole wake uliniuma kuliko kejeli. "Inagonga hata aliyesimama mlangoni anaisikia. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilidhani utaisukuma kando kabla hata haijafika sikioni."

Mama watoto akanyoosha mkono, akaichukua ile nyeupe.

"Fumba macho, kama unavyofanya gereji."

Nikafumba. Nikahisi ngumi yake kwenye sikio langu la kushoto, ina joto.

"Unaisikia?"

Jibu lililotakiwa nililijua. "Naisikia. Tamu kabisa."

"Sasa nimebonyeza. Imelegea?"

"Hata kidogo. Inakwenda sawasawa."

"Fumbua macho."

Akafungua kiganja. Hakikuwa na kitu. Saa nyeupe ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha kijani, mbali na mimi, mshale wake mrefu unazunguka.

Fundi saa alianza kupangusa bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Tangu lini?" mama watoto akauliza.

"Miezi mitatu."

"Mitano. Nimekuwa nikikuita mezani kwa upande huo, huitiki." Alikuwa na methali ile ya mficha maradhi mdomoni, niliiona kabisa, akaimeza. Kisha akauliza taratibu, "Basi letu ulilisikilizia sikio gani?"

Nilitoa simu. Mara mbili nilikosea kubonyeza jina la dereva. Ilipoita, niliihamishia kwenye sikio la kulia.

"Dereva, Jumatatu usilitoe basi. Lipeleke kwa fundi mwingine, alifungue injini."

"Si ulisema nzima?"

"Nilisema. Sikusikia kitu kwa sababu sisikii."

Nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno hayo, hata nikiwa peke yangu. Dereva alikaa kimya, nikaogopa kwamba hata kulia kumezibika.

"Kwa hiyo sikio langu liko sawa?" akauliza mwishowe.

"Lako liko sawa."

"Alhamdulillahi. Siku mbili hizi nilidhani nazeeka kweli."

Nilikata simu, nikaketi kwenye kigoda cha wateja. Mama watoto alichukua ile saa nyeupe, akaiweka kwenye sikio lake mwenyewe, akabonyeza kitufe cha juu kusimamisha, cha chini kurudisha, kisha cha juu tena kuanza upya.

"Inafanyaje?" nikamuuliza.

"Inatembea."

"Imelegea ulipobonyeza? Usiharakishe."

Akasikiliza, amekunja uso kama anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi bora. Tukamngoja, mimi na fundi.

"Haijalegea," akasema.

"Tufungie hiyo, fundi," nikasema.