Tundu kwenye Ukuta wa Mitambuu

Jani la tambuu aliloliweka Malati shavuni lilikuwa la moto kama paji la mtoto mwenye homa. Akajaribu la pili, la tatu. Yote yalikuwa yamelegea, kingo zimeungua.

Tangu mumewe Dhiren afariki, kitalu hiki kilichozungushiwa na kuezekwa mabua ndicho kilichowalisha, yeye na mavyaa wake, Bindubala. Upepo wa joto wa mwezi wa Choitro ulipoanza, Malati aliogopa utaikausha mitambuu, akazungusha plastiki pande zote. Bindubala hakumwacha apumue. Kwao Wabarui, wakulima wa tambuu tangu mababu, kitalu kilikuwa kama hekalu, na mwanamke hakuingia humo, hata awe ameoga na kuvua viatu.

"Umekanyaga pasipokanyagwa," alisema kila asubuhi. "Utaiua, nami niko hapa naangalia."

Na sasa ilikuwa ikifa kweli. Malati alitembea peku hadi pembeni huku machozi yakimlengalenga, kisha akasimama ghafla. Mitambuu mitatu ilikuwa imenyooka, majani yanang'aa. Aliyagusa. Yalikuwa baridi. Plastiki ya hapo ilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na upepo uleule aliouogopa ulikuwa ukiingia na kuyatikisa.

Akaelewa. Jua lilipenya paani na kuyapasha majani kuliko hewa yenyewe, nayo, katika hewa iliyosimama, hayakuwa na pa kulitolea joto lao. Kwa jani lililochomwa na jua, hata upepo wa moto ni nafuu.

Alianza kuichana plastiki kwa mikono miwili. Upande wa pili, uso kwa uso naye, alikuwa amechuchumaa Bindubala.

"Mama! Tundu hili umetoboa wewe?"

"Ndiyo, mimi. Ulitaka nikuchunge vipi, na kuingia siingii?"

Malati akacheka huku analia. Alimshukuru Mungu kwa jicho lile lililomkera miezi yote. "Umetuokoa, mama. Asante. Nenda kaoge, uje unisaidie."

"Mimi? Humo?"

"Humo humo."

Bindubala alirudi sari ikichuruzika maji. Alisita mlangoni, kisha akainama na kuingia. Plastiki ilikuwa imeshaanguka. Majani yalikuwa yakipepea. Alishika moja, akaliegemeza shavuni, akafumba macho.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nikimpikia," alisema polepole, "nikimngoja arudi. Kumbe mwanangu alikuwa akishinda mahali pazuri hivi."