Sishuki Mpaka Useme kwa Sauti

Watu watatu walikuwa wameshateremka kwenye gari lile jeupe wakiwa wamefeli mtihani wa udereva, na kila mmoja alirudi kwenye benchi na habari ileile: injini imezimika kwenye taa. Msusi alijifuta machozi kwa kiganja. Muuza viatu alitazama viatu vyake mwenyewe. Fundi bomba alicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta wa kumpiga.

Wa nne alikuwa Bi Kwanini. Jina hilo alipewa kwenye kiwanda cha mikate, ambako alikanda unga miaka nenda rudi akiuliza kwa nini hiki na kwa nini kile, hadi msimamizi akimwona anabadili njia. Sasa dereva wa gari la mikate alikuwa amestaafu, na mwenye kiwanda, shingo upande, alikuwa ametamka: lete leseni Jumatatu, kiti ni chako, usipoleta, anakaa mpwa wangu. Mpwa mwenyewe alikuwa hajui hata mlango wa tanuri uko upande gani. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mwalimu wa udereva, mdogo wa mume wake, alikuwa amechuchumaa kando ya benchi akitafuna njiti ya kiberiti.

"Shemeji," Bi Kwanini alimnong'oneza, "gari lako jipya linatumaliza."

"Gari langu halina kosa, shemeji yangu. Ukisimama, ukaweka gia huru na kuachia klachi, injini inajizima. Ukikanyaga klachi, inajiwasha. Petroli ambayo ingeungua bure inabaki tangini."

"Na inafaa kweli, au ni porojo za wauza magari?"

"Kwenye taa ndefu inafaa sana. Kwenye foleni ya kusogea kidogo na kusimama ni kero tupu. Na betri yake, siku ukiambiwa bei, utakaa chini. Lakini kuna kitufe kwenye dashibodi. Hutaki, unabonyeza, inakuacha."

"Basi kwa nini usibonyeze tukaokoka?"

"Mtahini kanifokea. Anasema kisichomo kwenye kitabu chake hakiguswi."

"Nikishikilia klachi je, isijizime?"

"Kitabu kinasema kwenye taa nyekundu uweke gia huru, uvute breki ya mkono, uachie klachi. Ukiishikilia, umefeli. Na injini ikizimika, umefeli."

"Kwa hiyo anayefuata kitabu anafeli, na asiyefuata anafeli."

"Naam."

"Kwa ni—"

"Shemeji! Leo tu. Nakupigia magoti. Leo tu usiulize."

Lakini Bi Kwanini hakuwa na tabia ya kusahau. Alimfahamu mtahini huyu tangu akiwa msichana, alipomfelisha kwa kutotoa mkono dirishani wakati wa kukata kona. Gari lilikuwa na taa za kuonyesha kona, zinawaka vizuri, na mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Kitabu kilitaka mkono. Baadaye kanuni ile ikafutwa kimyakimya, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kumwambia, mama, tulikuonea. Ndivyo walivyo. Kanuni wanaiandika wao, wanaisahau wao, na anayelowa ni wewe.

Aliitwa. Akafunga mkanda, mtahini akajibana kando yake na kitambi chake na kalamu zake tatu mfukoni, wakaondoka. Uwanja ule ulikuwa na mapipa ya kuzunguka, kilima cha zege, na taa za mfano zilizosimama mbele kabisa ya benchi, ili anayefeli afeli akionekana. Mapipa akayazunguka kama anayaaga. Kilima akakipanda bila kurudi nyuma hata unywele. Taa zikawa nyekundu. Gia huru, breki ya mkono, akaachia klachi.

Injini ikanyamaza.

Na katika ukimya ule Bi Kwanini akajikuta anatabasamu. Kule kiwandani, donge likiwekwa liumuke, hakuna kazi yoyote mpaka liumuke, lakini ole wako ukae. Msimamizi atakutuma ufagie palipofagiliwa, upanguse palipopanguswa, mradi usionekane umetulia. Hapa kumbe kuna mashine yenye akili kuliko msimamizi: hakuna kazi, inapumzika, ukiiita, inaamka, na haijachoka.

"Imezimika," alisema mtahini. "Umefeli."

"Haijazimika, mzee wangu. Imejizima. Tazama." Akagusa klachi, injini ikaitika. Akaachia, ikalala.

"Mama, usinifundishe kazi. Dereva anayejua, injini haizimiki mikononi mwake. Hama huko, nikuonyeshe."

Wakabadilishana viti. Mtahini akavuta kiti nyuma kwa ajili ya kitambi, akazunguka uwanja kwa madaha, mkono mmoja kwenye usukani, akarudi pale kwenye taa. Nyekundu. Mkono wake ukaweka gia huru bila kuulizwa. Ukavuta breki. Na mguu, uliotii kitabu tangu ujana wake, ukajiinua wenyewe.

Kimya.

Benchi zima likasimama. "Umefeliii!" alipaza sauti fundi bomba. "Shuka, mzee, urudi wiki ijayo!" Msusi, machozi hayajakauka, alicheka mpaka akamshika muuza viatu bega asianguke.

Mtahini akatoka garini kama aliyekalia siafu. Kabla hajafunga mlango, Bi Kwanini alikuwa ameshahamia kwenye usukani na kujifunga mkanda. Mtahini akainama dirishani, akashusha sauti.

"Sikia, mama. Wewe umefaulu. Yaishe. Chukua leseni yako uende."

Aliliona gari la mikate, alijiona ndani yake na kiwiko dirishani, na mpwa wa tajiri amebaki mdomo wazi kwenye lango. Neno moja tu, asante, na kila kitu kingekuwa chake. Kisha akawatazama wale watatu.

"Na wenzangu?"

"Hao walishafeli."

"Kwa kosa gani ambalo wewe hujalifanya sasa hivi?"

Mtahini akashika mlango amfungulie ashuke.

"Basi sishuki," alisema Bi Kwanini. "Nimesimama kwenye taa zako, njia nimeiziba. Utafoka, utanuna, mimi nipo. Injini imejizima, petroli haipungui hata tone. Ningekuwa kwenye lile gari la zamani la shemeji, saa hizi ningeshaishiwa. Hili naweza kukaa nalo mpaka uote ndevu nyingine."

Mwalimu alijifunika uso, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Jua lilikuwa kali, kivuli hakuna, na mtahini alikuwa ndiye aliyesimama nje. Akajipangusa shingo. Akajipangusa tena.

"Unataka nini?"

"Wote wanarudia, sasa hivi. Na injini ikijizima yenyewe kwenye taa haihesabiwi. Lakini usiniambie mimi sikioni. Waambie wao, kwa sauti."

Akawaambia. Mara ya kwanza alimumunya, benchi likamwambia halijasikia. Ya pili ikasikika hadi barabarani.

Bi Kwanini akawaachia wenzake watangulie. Msusi akafaulu. Muuza viatu akafaulu. Fundi bomba aligonga pipa, akafeli kihalali, na akashuka akicheka kwamba angalau hili pipa kaligonga mwenyewe.

Zamu ya Bi Kwanini ilipofika, taa zikawa nyekundu tena, injini ikanyamaza, wakakaa wawili mle ndani wakisikiliza ndege.

"Hivi," alisema mtahini, akitazama mbele, "hiyo petroli inayobaki ni nyingi?"

"Kwa gari moja, si ya kujivunia. Kwa magari yote yanayosimama kwenye taa zote za mji huu, na moshi wote unaotuingia vifuani, piga hesabu mwenyewe."

Taa ikawa kijani. Akakanyaga klachi, wakaondoka.

Alipokabidhiwa karatasi ya kuchukulia leseni, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Hakuondoka.

"Nini tena, mama?"

"Na waliofeli juzi na jana, kwa gari hilihili?"

Mtahini akachomoa kalamu mfukoni.

"Waite," alisema.

Bi Kwanini alikuwa ameshatoa simu.