Meza ya Pasaka

Kwa miaka tisa meza ya kanisa pale Kawangware ilipambwa na maua ya Wagaki, mama mwenye ploti, na ole wake aliyethubutu kuleta hata jani. Ndipo mwaka wa sabini na tatu akahamia kwake mpangaji mpya, Kalondu, fundi wa cherehani kutoka Kitui, na vitunguu vya maua ndani ya gunia. Mvua ya Aprili ilipogonga tu, mlangoni pake pakawaka maua mekundu, makubwa kama kichwa cha mtoto. Mke wa mchungaji alipita, akasimama, akasahau hata kusalimu. Wagaki aliona! Moyo ukamchoma, chakula kikamshinda.

Kiangazi cha Januari kilipoingia, majani ya Kalondu yalikauka yote. Wagaki akajifanya rafiki, akaomba mbegu, akapewa vitunguu vitano bila kinyongo. Kalondu akamwambia avizike na kuviacha vilale, asivitilie hata tone mpaka mvua. Sasa wewe niambie, mwenye wivu husikia ushauri? Wagaki alijua anadanganywa. Akavinywesha vyake asubuhi na jioni, na mfereji wa ploti akautia kufuli, eti maji ni machache. Wapangaji wakateka kwa jirani wakinung'unika. Yeye alingoja tu bustani ya Kalondu ife.

Masika yakaja wiki mbili kabla ya Pasaka. Kwa Kalondu pakawaka tena, maradufu. Kwa Wagaki, kimya. Alichimba kwa kidole, akatoa uji unaonuka. Alilia kwa hasira, sikufichi. Mbele ya yale mekundu, maua yake ya zamani yalikuwa kama magugu; meza ilikuwa imemponyoka.

Jumamosi, Kalondu akabisha hodi kwa Wagaki na beseni limejaa maua.

"Peleka wewe, Mama Muigai. Kanisani wamekuzoea wewe."

Angekataa, lakini ile meza! Akabeba. Njia nzima watu wakamsifu, na kila sifa ikamwasha kama upupu. Kanisani mke wa mchungaji akamshika mkono, akamwuliza mbele ya akina mama wote amewezaje kupata maua kama haya baada ya kiangazi kikali vile.

Kalondu alikuwa benchi la pili, akifuta vumbi. Hakuinua kichwa.

Wagaki akafungua kinywa aseme ni mbolea.

"Ni ya Kalondu," akasema. "Mimi niliyafungia maji ili yafe."